Maungio ya Paa

Paa halivuji mahali lilipo pana. Huvuja mahali linapokutana na kitu kingine. Mtu akiitazama nyumba kwa mbali huona mteremko mmoja mkubwa wa vigae, akadhani kuwa vigae hivyo ndivyo vimkingavyo na mbingu. Vinamkinga kweli, lakini kazi yao ni nyepesi. Tone la maji likiangukia kigae halina la kuchagua: chini yake pana kigae kingine, na chini ya hicho pana kingine tena, mpaka ukingoni. Taabu huanza pale mteremko unapokatizwa: pale dohani inapotoboa paa, pale ukuta wa ghorofa unapoinuka kando ya paa la baraza, na pale mapaa mawili yanapoinamiana na kufanya bonde. Hapo maji hupata nafasi ya kuchagua njia, na maji yakiachiwa kuchagua hayachagui njia impendezayo mwenye nyumba.

Mahali kama hapo mafundi huweka kipande chembamba cha madini, kimekunjwa kama kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa: ukurasa mmoja umelala juu ya paa, wa pili umesimama ukutani. Katika insha hii kipande hicho kitaitwa bati la maungio, hata kama kimefanywa kwa risasi au kwa shaba. Ni kitu kidogo katika nyumba. Aghalabu hakionekani, wala hakitajwi nyumba inapouzwa. Walakini umri wa nyumba nzima hutegemea kipande hicho kuliko unavyotegemea milango mizuri na madirisha ya kioo. Nyumba njema si mlango, walinena wahenga, na wangalikaa katika nchi ya theluji pengine wangaliongeza kuwa wala si vigae.

Tofauti ya nchi ya mvua na nchi ya theluji si tofauti ya wingi wa maji, bali ni tofauti ya tabia zake. Mvua ni mpita njia. Hata ikija kwa kishindo haina muda wa kupeleleza. Theluji ni mgeni akaaye. Kwetu waungwana, mgeni hukirimiwa siku mbili, na ya tatu hupewa jembe. Theluji hukaa miezi mitatu au minne, na hapana awezaye kuipa jembe. Katika kukaa kwake hupata nafasi ya kujaribu kila tundu, kila msumari uliolegea na kila mshono. Kwa hiyo paa lililojengwa vyema kwa ajili ya mvua laweza kushindwa na theluji, wala si kwa sababu fundi wake alikuwa mzembe.

Mfano mwema ni mji wa Saint Paul katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Wastani wa baridi ya mwezi wa Januari huko ni karibu nyuzi 9 za sentigredi chini ya sifuri, na theluji inayoanguka kwa mwaka wa kawaida huzidi sentimita 120. Kuna miaka isiyo ya kawaida. Dhoruba iliyoanza siku ya tarehe 31 Oktoba, 1991, ilimwaga sentimita 72 katika eneo la Minneapolis na Saint Paul kwa muda wa siku chache tu, na katika majira ya baridi ya 2022 na 2023 theluji ilizidi sentimita 220. Mji huo una nyumba nyingi zilizojengwa baina ya miaka ya 1880 na 1930. Katika barabara iitwayo Summit Avenue wamo matajiri wa zamani waliojenga majumba ya fahari; nyumba ya James J. Hill, mwenye reli, iliyokwisha kujengwa mwaka 1891, ina mahali pa kuotea moto 22. Lakini wengi wa wakazi hawakuwa na reli. Walijenga nyumba za mbao za ghorofa moja au moja na nusu, zenye baraza mbele na dohani moja ya matofali, na nyumba hizo ndizo zilizowaangukia wajukuu na wageni walionunua baadaye. Maungio yao sasa yana umri wa kibinadamu: miaka sabini, themanini, au mia na zaidi.

Ili kufahamu mambo yapatayo maungio hayo, inafaa kufahamu mwenendo wa theluji ikiisha kulala. Theluji ni blanketi. Ikilala juu ya paa huzuia joto lisitoke kwenda angani, na joto la nyumba likipanda kutoka vyumbani hadi darini hukaa chini ya blanketi hilo na kuyeyusha tabaka la chini kabisa. Maji huanza kuteremka polepole, yamefichwa na theluji iliyo juu yake. Yanateremka salama mpaka yanapofika kwenye ukingo wa paa, sehemu ile iliyotokeza nje ya ukuta. Sehemu hiyo haina chumba chini yake, kwa hiyo haina joto. Maji huganda. Kesho yake maji mengine huja na kuganda nyuma ya yale ya kwanza, na baada ya wiki moja pana ukuta wa barafu mrefu kama ukingo wenyewe. Nyuma ya ukuta huo maji hutuama kama bwawa.

Hapo ndipo elimu yote ya vigae hupinduka. Vigae vimepangwa kwa imani moja, kwamba maji hushuka. Bwawa halishuki. Hupanda nyuma, huingia chini ya kigae cha kwanza, cha pili na cha tatu, na likikuta dohani au ukuta hupanda kando yake mpaka mwisho wa bati, kisha hulivuka. Usiku baridi huzidi na maji yaliyo katika ufa huganda. Na maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 katika 100. Ufa uliokuwa wa unywele huwa wa kucha. Barafu yenyewe nayo ni mzigo, maana kina cha sentimita 10 huwa na uzito wa karibu kilo 90 kwa kila mita mraba, na mzigo huo ukiteleza huweza kung'oa bati na misumari yake.

Mafundi wa zamani hawakuwa wajinga wa jambo hili. Walijua kuwa dohani na nyumba si kitu kimoja. Dohani ya matofali husimama juu ya msingi wake wenyewe. Nyumba ya mbao husimama juu ya msingi mwingine. Dohani haivimbi kwa unyevu wala hainyauki kwa ukavu kama mbao zifanyavyo. Miaka ikipita, moja hudidimia kidogo na nyingine hudidimia zaidi. Kuvifunga viwili hivi kwa kipande kimoja kilichopigwa misumari pande zote mbili ni kutafuta ugomvi: siku kimoja kitakapokwenda, kipande kitapasuka. Kwa hiyo walibuni mabati mawili yasiyoshikana. La kwanza ni la ngazi: vipande vidogo vidogo, kimoja kwa kila safu ya vigae, kila kimoja kikikalia kile cha chini yake kwa sentimita 5 au zaidi, na vyote vikipigiliwa upande wa paa tu. La pili ni la kufunika: hutoka katika dohani yenyewe, makali yake yameingizwa katika mfuo uliochongwa baina ya matofali kwa kina cha sentimita 2 au 3, nalo huning'inia juu ya lile la kwanza kama upindo wa kanzu. Paa likisogea, bati la paa husogea nalo; dohani ikisogea, bati la dohani husogea nayo; na baina yao hapana msumari. Maji hayapati njia kwa sababu ya mkaliano, si kwa sababu ya mfungo.

Vipo na vipande vingine viwili visivyofaa kusahauliwa. Nyuma ya dohani pana, upande wa juu wa mteremko, theluji hujikusanya kama mchanga nyuma ya jiwe mtoni. Hapo hujengwa kipaa kidogo chenye miteremko miwili, mfano wa tandiko la farasi, ili maji yagawanyike kulia na kushoto. Kanuni za ujenzi za Marekani hukitaka kipaa hicho iwapo dohani ina upana unaozidi sentimita 76. Na pale paa la baraza linapokwishia kando ya ukuta unaoendelea, kipande cha mwisho cha chini hukunjwa kuelekea nje ili kiyatupe maji mbali, yaingie ndani ya gata. Kipande hiki ni kidogo kama kiganja. Nyumba nyingi za kale hazina, na ukuta ulio chini ya mahali hapo huoza kwa ndani miaka mingi kabla rangi ya nje haijaonyesha dalili.

Sasa juu ya madini yenyewe. Risasi ilipendwa tangu kale kwa sababu ni laini. Fundi huikunja kwa mkono na kuigonga kwa nyundo ya mti mpaka ikalala juu ya kila kivimbe. Lakini ulaini huo ndio udhaifu wake. Kila madini hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Kipande chenye urefu wa mita 3 kikitoka katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri mpaka joto la nyuzi 50 juani, cha chuma hurefuka karibu milimita 3, cha shaba nyekundu karibu milimita 4, cha alumini karibu milimita 5 na nusu, na cha risasi karibu milimita 7. Risasi hurefuka kupita wenzake, na kwa kuwa ni laini mno hairudi sawasawa ilivyokuwa. Hujikunja, huchoka, na mwishowe hupasuka mahali pa kukunjikia. Zaidi ya hayo ni sumu, hasa kwa watoto, ambao akili zao hudhurika nayo. Marekani ilipiga marufuku rangi zenye risasi katika nyumba za watu mwaka 1978. Risasi ya paa haikuguswa na marufuku hiyo, lakini fundi mwenye busara huvaa glavu anapoing'oa, wala haiachi bustanini.

Shaba nyekundu ni madini ya kiungwana. Hewa huigeuza rangi, mwanzo kahawia na baada ya miaka kijani, na rangi hiyo ndiyo ngao yake. Huweza kutiwa lehemu, nayo hukaa kupita umri wa aliyeinunua. Chuma kilichopakwa zinki ni bati lile lile lijulikanalo na kila msomaji. Njia ya kukipaka ilipewa hati na Mfaransa Stanislas Sorel mwaka 1837, na kwa njia hiyo chuma kikawa rahisi kwa maskini. Alumini ilikuwa kitu cha anasa mpaka mwaka 1886, ambapo Charles Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa walipata, kila mmoja peke yake, njia ya kuitoa kwa umeme. Leo ni nyepesi na bei yake ni nafuu, lakini ina adui mmoja: chokaa na saruji mbichi huila. Kuichomeka alumini tupu katika mfuo wa dohani ni kuipeleka kwa adui wake.

Hata madini mema yaweza kuwa maovu yakiwekwa pamoja. Sanamu ya Uhuru iliyo bandarini New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, ilivishwa ngozi ya shaba nyekundu juu ya mifupa ya chuma. Wajenzi walitia kitu cha kuzitenga. Kilipochakaa, shaba na chuma viligusana katika unyevu wa bahari, na chuma kikaliwa. Matengenezo yaliyokwisha mwaka 1986 yalilazimu mifupa hiyo kubadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu. Jambo hilo hilo hutokea katika nyumba ndogo isiyo na jina. Maji yaliyopita juu ya shaba yakiangukia bati la zinki au gata la alumini huyatoboa. Kwa sababu hiyo swali la kuwa madini gani ni bora halina jibu mpaka liulizwe swali jingine: jirani yake ni nani?

Kisa kimoja cha mji huo kitaonyesha jinsi mambo haya yanavyokutana katika maisha ya mtu. Mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka sabini na kitu, alikuwa na nyumba iliyojengwa mwaka 1912. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake yote. Pensheni yake ilimtosha kula na kupasha nyumba moto, wala haikumbakizia kitu cha kuchezea. Kila mwezi wa Machi lilitokea waa juu ya dari, karibu na dohani, ukubwa wake kama sahani. Kila mwaka alimwita mtu mmoja mwenye ndoo ya lami, naye alipanda, akapaka, akashuka, akapokea ujira mdogo. Miaka mitatu mfululizo waa lilitoweka wakati wa kiangazi, mwenye nyumba akashukuru. Mwaka wa nne halikutokea juu ya dari. Lilitokea ghorofa ya chini, juu ya dirisha la chumba cha kulia, mbali na dohani kabisa.

Fundi wa pili aliyeitwa hakuanza kwa kupanda juu ya paa. Aliomba kwanza kuingia darini na tochi. Huko aliyasoma madoa juu ya mbao kama mtu asomavyo barua, akaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba lami ilikuwa imeziba ukingo wa chini wa bati, mahali ambapo maji machache yaliyopenya juu yalikuwa yakitokea zamani. Maji yaliendelea kuingia kwa juu kama desturi, ila sasa hayakuwa na mlango wa kutokea. Yaliifuata mbao mpaka ukutani, na kutoka ukutani mpaka dirishani. La pili ni kwamba baina ya dohani na mbao za dari ulikuwapo uwazi wa sentimita 5. Uwazi huo si kosa. Kanuni huutaka ili mbao zisishike moto. Lakini haukuwa umefunikwa kwa kitu cho chote, na hewa ya moto kutoka vyumbani ilipanda humo mchana na usiku kama moshi katika bomba. Pamba ya kuzuia joto iliyotandazwa darini zamani, mafuta yalipopanda bei baada ya mwaka 1973, ilikuwa nyeusi kandokando ya uwazi huo kwa vumbi la miaka. Joto hilo ndilo lililoyeyusha theluji kuizunguka dohani, na ndilo lililojenga barafu ukingoni.

Fundi akasema kuwa kazi zilikuwa mbili, na kuwa kufanya moja bila ya nyingine ni kuahirisha msiba. Mwenye nyumba akajibu kuwa fedha yake ilitosha kazi moja. Alitamani shaba nyekundu. Aliiona juu ya kanisa alilobatizwa, imekuwa kijani tangu utoto wake, naye alitaka atengeneze jambo hili mara moja asilirudie. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu ajiulizaye mwenyewe, shaba iishiyo miaka mia itamfaa nani, hali yeye hatazamii kuishi hata ishirini? Swali hilo si dogo. Mtu mzima anapotengeneza nyumba hununua wakati ambao hautakuwa wake, na si haki kumcheka akisitasita.

Fundi hakumjibu kwa hekima, bali kwa hesabu. Vigae vya lami vilivyokuwa juu ya paa vilikuwa na umri wa miaka minane. Baada ya miaka kumi na tano hivi vitang'olewa, na mabati ya ngazi yaliyopigiliwa pamoja navyo yatang'olewa vile vile, yawe ya shaba yawe ya chuma. Tena gata la nyumba lilikuwa la alumini, na maji ya shaba yangelila. Alipendekeza chuma kilichopakwa zinki na kupigwa rangi, kwa nusu ya gharama na chini, na fedha itakayosalia itumike darini. Mwenye nyumba alifikiri siku mbili, akakubali. Aliyakosa madini aliyoyapenda, akayapata matengenezo aliyoyahitaji. Wengi hufanya kinyume.

Kazi ilifanywa mwishoni mwa Septemba, na wakati huo haukuchaguliwa bure. Vigae vya lami katika baridi huwa vigumu kama biskuti na huvunjika vikiinuliwa, na utando wenye gundi haushiki mbao zilizo baridi. Siku ya kwanza vigae viliondolewa kwa upana wa karibu mita moja kuizunguka dohani. Mbao tatu zilikuwa zimeoza. Kidole kiliingia kama katika mkate mbichi. Zilikatwa, zikawekwa mpya. Juu ya mbao ulilazwa utando wa lami wenye gundi, ukapandishwa kidogo juu ya matofali. Utando wa namna hiyo kanuni huutaka pia ukingoni mwa paa jipya katika nchi zenye barafu, kutoka ukingo wenyewe mpaka sentimita 61 ndani ya mstari wa ukuta wa nje, kwa kuwa ndio uwezao kuvumilia bwawa. Kisha zikaja ngazi za bati, kipande kwa kigae, kutoka chini kwenda juu. Nyuma ya dohani kilijengwa kipaa kidogo, hapakuwa na kipaa tangu mwaka 1912. Siku ya pili mfuo wa zamani kati ya matofali ulisafishwa kwa tindo, si kwa msumeno, maana matofali ya kale ni laini na msumeno huyajeruhi. Bati la kufunika likaingizwa, likakazwa kwa kabari, mfuo ukajazwa. Siku ya tatu uwazi wa darini ulifunikwa kwa bati na kuzibwa kwa dawa istahimiliyo moto, na pamba mpya ikatandazwa.

Muda wote huo fundi na msaidizi wake walikuwa wamefungwa kamba kiunoni na mabegani. Kuanguka ndiko kunakoua wafanyakazi wengi kuliko jambo lingine lo lote katika kazi za ujenzi za Marekani, na sheria huko hudai kinga kuanzia kimo cha mita 1.8. Msomaji aliyekaa kitini huona kimo hicho ni kidogo. Aliyesimama juu ya mteremko wenye umande asubuhi haoni hivyo. Bei ya bati la maungio haiwi bei ya bati tu. Imo na bei ya mtu ashukaye salama jioni.

Kutoka katika kisa hiki yaweza kufikiriwa jambo lipitalo paa. Kila mtoto wa Kiswahili amefundishwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli, na mwenye nyumba yule, ingawa hakuijua, aliifuata barabara: aliona ufa, akauziba, mwaka baada ya mwaka. Kosa halikuwa la uvivu. Alikuwa na bidii, naye alitoa fedha. Lakini kuziba kwake kulikuwa ndiko kulikoipeleka dhara mahali pengine, nje ya macho. Methali huamuru kuziba. Haikusema kwa nini. Kazi hiyo ya kujua kwa nini imeachiwa akili, na akili huanza kazi yake darini, kwenye giza, si juu ya paa penye jua.

Tena maungio hufundisha kuwa kushikana si lazima kuwe kufungana. Lami hufunga. Hulishika tofali na kigae kwa nguvu moja, na kwa muda huonekana kuwa imeshinda. Kisha jua huikausha, baridi huipasua, na vile viwili vilivyolazimishwa kuwa kimoja huachana kwa jeraha. Mabati mawili yaliyokaliana hayafungani, na kwa sababu hiyo hudumu. Kila moja humhudumia mwenyewe wake, na kila moja humwachia mwenziwe nafasi ya kusogea. Jamaa wakaao nyumba moja, wazee na vijana, wenyeji na wageni, hawakosi kuwa na misingi mbalimbali na mwendo mbalimbali wa kudidimia. Atakaye kuwapiga misumari pande zote mbili na aikumbuke dohani.

Yupo atakayesema kuwa mambo haya ni madogo mno kuandikiwa insha, na kuwa bati la upana wa kiganja halistahili falsafa. Jibu lake ni mbao tatu zilizooza. Zilioza chini ya vigae vizima, katika nyumba iliyopakwa rangi kila baada ya miaka michache na kusifiwa na wapita njia. Bandu bandu huisha gogo, na tone tone huisha ukuta. Na hapana hata siku moja katika miaka ile ambapo mtu angaliweza kusema, leo nyumba inaharibika. Madhara makubwa hutaka mahali padogo pa kuingilia, na wakati mrefu.

Kazi ya maungio ikiisha kufanywa haionekani. Vigae hurudishwa juu yake, ngazi huteremshwa, na paa huonekana kama lilivyokuwa jana. Mwenye nyumba hana cha kuwaonyesha jirani zake kwa fedha aliyotoa, na fundi hana cha kutia sahihi. Baada ya hapo theluji huanguka juu ya nyumba zote sawasawa, zilizotengenezwa na zisizotengenezwa, na kwa muda wa miezi mitatu hapana awezaye kuzitofautisha kwa macho. Huja mwezi wa Machi, maji yakaanza kutembea chini ya blanketi jeupe, yakitafuta njia. Kazi iliyofanywa vyema haina shahidi siku hiyo ila dari kavu, na shahidi huyo hasemi neno.